Kadi ya Krismasi ya Kusomwa kwa Vidole

Nyumbani kwa nyanya yangu, Kakuyuni, kadi za Krismasi zilikuwa zinaanikwa. Uzi ulifungwa kutoka msumari wa dirishani hadi msumari wa mlangoni, kadi zikapandishwa juu yake moja moja, na hapo zikakaa hadi karibu na Pasaka zikipigwa na upepo wa kaskazi. Nyingine zilitoka kwa wanawe waliokuwa na kazi Mombasa na Nairobi, nyingine kwa watu wa jumuiya. Hawe, ndivyo tunavyomwita nyanya, alizijua zote. Mgeni akiingia, kabla hata chai haijachemka, alikuwa ameshaonyeshwa hii ni ya nani na ameandika nini ndani.

Kisha zikaja simu, na kadi zikapungua. Halafu yakaja macho.

Presha ya macho ni ugonjwa wa kimya. Presha inapanda ndani ya jicho, inaubana mshipa unaopeleka picha kwenye ubongo, na mara nyingi mwenyewe hasikii maumivu yoyote mpaka sehemu ya uoni imeshakwenda. Dawa za matone husaidia yasizidi. Kilichopotea hakirudi. Leo hawe anatambua mwanga na giza, na kivuli cha mtu akisimama mlangoni, basi. Nalisema hili kwa yeyote mwenye mzee nyumbani: mpelekeni akapimwe presha ya macho hata kama anawaambia anaona vizuri.

Ndugu zangu walinishauri nimrekodie salamu kwa simu. Wajukuu wengine hufanya hivyo, na akisikia sauti zao anacheka. Lakini kila akitaka kusikiliza tena lazima amwite mtoto amfungulie, na mtoto yuko shule, au yuko kisimani, au simu haina moto. Nilitaka awe na kitu cha kuchukua mwenyewe saa yoyote, hata usiku wa manane usingizi ukimkataa, akakisoma bila kuomba msaada wa mtu. Kitu cha kusomwa kwa vidole.

Nilianza kwa kuzunguka maduka ya vitabu hapa Malindi mjini. Nilizishika kadi nikiwa nimefumba macho. Zote laini. Kuna zilizomwagiwa unga wa kumetameta unaokwaruza kidogo, lakini kidole hakiambiwi chochote pale. Na juu yake kuna theluji, miti ya misonobari, mzee mwenye koti zito, katika mji huu ambao Desemba hata shuka ni mzigo. Kadi ya kwanza ya Krismasi iliyochapishwa kwa ajili ya kuuzwa ilitoka London mwaka 1843. Aliyeiagiza ni Henry Cole, aliyechora ni John Callcott Horsley, na picha yake ilikuwa familia iliyokaa mezani, huku pembeni maskini wakilishwa na kuvishwa. Theluji haikuwa na nafasi kubwa mle. Cole aliitaka kwa sababu hakuwa na muda wa kuwaandikia jamaa zake barua moja moja. Kadi ya dukani ilizaliwa ili mkono upumzike. Yangu ilihitaji mkono ufanye kazi yote.

Vifaa vilikuwa karibu, kwa sababu tunaishi chini ya minazi. Paa la zizi la Bethlehemu ningelifanya kwa vijiti vya kuti kavu. Hori ningelikata kwenye karara, lile ganda gumu linalofunika ua la mnazi. Likikauka huwa na mistari ambayo kidole huifuata chenyewe. Nguo za mtoto zingekuwa kilifu, maana kilifu ni nguo tayari, imesukwa na mti. Nyota ningeitoa kwenye kifuu. Na chini ya picha, maneno matatu yaliyoinuka: HAWE KRISMASI NJEMA.

Nyota ilikataa mwanzo kabisa. Kifuu kimejikunja, hata ukikate kidogo kiasi gani, na gundi hushika pale tu panapogusa. Nyota nzima ilikaa juu ya kadi kwa ncha zake, ikadondoka kabla ya jioni. Fundi mmoja wa samani alinielekeza niikate kifuu vipande vidogo vya pembe tatu, nisugue upande wa chini kwa msasa mpaka ulale, ndipo niviunge kuwa nyota pale pale kwenye karatasi. Hiyo ilikubali.

Manila, ile karatasi ngumu ya kadi yenyewe, nayo ilipasuka mkunjoni. Karatasi ina nyuzi zilizolala upande mmoja. Ukikunja kwa kufuata nyuzi inakubali kwa utulivu, ukikunja kwa kuzikata inavunjika na kutoa meno. Njia ya kujua ni kuipinda taratibu pande zote mbili bila kuikunja. Upande unaotii haraka ndio wake. Kisha unapitisha mgongo wa kisu kando ya rula kabla ya kukunja. Nimelisema kwa kifupi, lakini lingenisaidia sana kama mtu angeniambia mapema.

Kazi kubwa ilikuwa herufi.

Shoga yangu tunayeishi naye nyumba moja ya kupanga ni mchora hina. Desemba kwake ni mwezi wa harusi. Mabibi harusi wanapangana ukumbini, na koni zake za hina zimejaa ndani ya bakuli. Nikamwona akivuta mstari mwembamba kwenye kiganja bila mkono kutetemeka, mstari umesimama juu ya ngozi, nikasema hizi ndizo herufi zangu. Alinichorea jina la hawe kwenye manila, herufi nzuri zenye mikia. Asubuhi kila herufi ilikuwa imezungukwa na doa la mafuta, karatasi imeiva pale na kuonyesha upande wa pili, na hina yenyewe inapukutika.

Shoga akaishika kwenye mwanga. "Hina yangu naitia mafuta ya mkaratusi ikolee. Ngozi inayanywa. Karatasi yako haina pa kuyapeleka." Akaendelea, "Halafu hina haikai, mwanangu. Hata mkononi tunaingoja ikauke tuibandue. Kinachobaki ni rangi." Na rangi ndiyo kitu pekee ambacho hawe hakihitaji.

Kwa hiyo tulibaki na koni, tukabadilisha kilichomo. Nilipika gundi ya unga wa ngano, nzito, nikaikoroga mpaka madonge yakaisha, nikaijaza kwenye koni mpya. Ilitoka vizuri mno. Mstari ulisimama, ukakauka mgumu, vidole viliupata bila kuutafuta. Nililala na furaha. Usiku mende wakaila. Walifuata herufi kwa uaminifu wote, wakaanza na H, wakaacha tu alama ya unyevu na vipande vya J. Mende wanapenda wanga, na joto la Malindi linawapenda mende. Mama mwenye nyumba, mtu mzima aliyewahi kubandika magazeti ukutani enzi zake, alisema wao walikuwa wanatia shabu iliyosagwa ndani ya gundi ili isiharibike wala kuliwa upesi. Shabu ipo kwenye kila duka la dawa za asili hapa, vinyozi wanaitumia. Nilijaribu kwenye kipande, ikasaidia, lakini sikutaka kadi ya hawe iwe inalindwa na shabu peke yake kwenye nyumba ya udongo yenye ghala la mahindi. Nikahamia gundi nyeupe ya maseremala.

Gundi hiyo ina tabia yake: ikikauka inashuka. Mstari uliosimama jioni, asubuhi umelala, unateleza. Hapo ndipo nilipofikiria mchanga. Chora kwa gundi, nyunyiza mchanga ikiwa mbichi, kung'uta unaobaki. Utapata mstari ulioinuka na unaokwaruza, na karatasi pembeni laini. Pwani iko hapo, mchanga ni wa bure.

Nilichota karibu na gati. Herufi zilitoka za kupendeza, na kwa siku hiyo moja niliamini nimemaliza. Lakini mvua za vuli zilikuwa hazijaisha, hewa nzito, na kadi haikukauka. Ilikuwa mbichi asubuhi, mbichi mchana, usiku ikawa mbichi zaidi. Nikiigusa, mchanga ulinifuata kwenye kidole. Karatasi chini ya herufi ilivimba, kadi nzima ikajipinda. Nikaianika juani, ikakauka. Nikaiingiza ndani, ikaanza tena kutoa jasho.

Aliyenifumbua ni mzee mwashi anayejenga ukuta jirani. Sikumwendea kwa ajili ya kadi. Alipita akaiona imeanikwa juu ya karai, akaichukua, akagusa herufi kwa ncha ya ulimi. Akatema.

"Huu mchanga wa bahari," alisema. "Ukiupigia plasta, ukuta unatoa jasho mpaka siku ya mwisho. Chumvi inaita maji ya hewani. Ulitaka iwe kavu vipi?"

Akanieleza jinsi wanavyofanya wakilazimika. Osha mchanga kwa maji ya bomba, koroga, mwaga, osha tena, mpaka maji yakionjwa hayana chumvi. Na wangu ulikuwa na tatizo jingine pia. Mto Sabaki unaingia baharini kaskazini tu mwa Malindi, na mvua zikinyesha huko juu bara unashusha udongo mwekundu mpaka maji ya ghuba yetu yanakuwa rangi ya chai ya maziwa. Udongo huo mlaini ulikuwa umeshika kila chembe. Gundi ilikuwa imeshika vumbi, vumbi likashika mchanga, kwa hiyo mchanga haukuwa umeshikwa na kitu. Maji ya kwanza ya kuosha yalitoka mekundu. Niliosha mpaka yakawa meupe na matamu, nikakaanga mchanga kwenye karai juu ya jiko la makaa hadi ukawa unakimbia, kisha nikauchekecha kwa kipande cha kilifu ili chembe nene zibaki juu. Zile nene ndizo nilizozihitaji.

Watu humsifu mtu kwa kurudia kitu bila kuchoka. Mimi nimeona kurudia peke yake hakufiki mbali. Ningeweza kuchora herufi zilezile kwa mchanga uleule mpaka Mwaka Mpya, na chumvi ingeendelea kuita maji. Kilichonisogeza ni kukaa na kipande kilichoharibika kabla ya kukitupa, nikigeuze, nikitafute kilichokiua, na nikimpata mtu ambaye kazi yake ya kila siku inamfundisha jibu, nimsikilize hadi mwisho. Mchora hina alijua mafuta. Mwashi alijua chumvi. Wala hakuna kati yao aliyewahi kutengeneza kadi. Nadhani tunapoteza elimu nyingi kwa kudhani kwamba kazi ya karatasi inajulikana na watu wa karatasi tu.

Herufi zilipokauka kweli, nilitaka kuzijaribu. Mtoto wa mama mwenye nyumba, wa darasa la nne, alikubali kufungwa leso machoni. Alipapasa, akasoma H bila shida. A akaisoma R. W ikampotea kabisa. Ile mikia mizuri ambayo shoga alizoea kuiweka, na maua madogo niliyoyatia baina ya maneno ili papendeze, yote yalikuwa kelele kwa kidole. Jicho linaona neno zima kwa mpigo mmoja na kuyaacha mapambo pembeni. Kidole kinatembea. Kikikutana na ua kinadhani ni herufi, kinasimama kujiuliza, na kikifika mbele kimesahau kilikotoka.

Baadaye niliposoma kuhusu maandishi ya vipofu niliona tabu hii ni ya zamani. Katika miaka ya 1780, Mfaransa Valentin Haüy alianza kuchapisha Paris vitabu vyenye herufi za kawaida zilizoinuliwa, na wanafunzi wake walizisoma kwa shida, polepole mno. Louis Braille, aliyesoma katika shule hiyohiyo, alitoa mwaka 1829 mfumo wake wa nukta sita, ambao umeenea duniani kote kwa sababu uliumbwa kwa ajili ya kidole tangu mwanzo. Lakini nukta hizo lazima mtu ajifunze, na mzee aliyepoteza uoni baada ya kulima maisha yake yote, vidole vimekomaa kwa jembe na kwa kukuna nazi, nukta zinampita. Yuko Mwingereza, William Moon, naye alipofuka akiwa kijana, aliyeliona hilo akatoa mwaka 1845 herufi zilizopunguzwa mapambo mpaka zikabaki mistari na mikunjo michache, ili wazee waliojua kusoma zamani waweze kuzitambua. Nilifurahi kujua kwamba kuna mtu aliyewafikiria watu wa aina ya nyanya yangu muda mrefu hivyo uliopita.

Sikuwa nimesoma hayo wakati ule. Nilikuwa na mtoto aliyefungwa leso na uvumilivu wake. Tulikubaliana naye. Maua yaondoke. Mikia iondoke. Herufi kubwa tu, kila moja ndefu kiasi cha pingili ya kidole, nafasi ya kutosha baina yao, kila neno kwenye mstari wake. Shoga alichora upya akijizuia, na naona kumzuia mchora hina asiongeze jani ni kumwomba jambo kubwa. Mtoto alisoma yote matatu. Alipofika NJEMA alilivua leso kabla hatujamruhusu ili ahakikishe.

Kulikuwa na mengine madogo. Uzito wa mchanga uliivuta kadi ikapinda, nikabandika karatasi ya pili kwa nyuma ili pande zote mbili zivutane sawa, kisha nikailaza chini ya kinu usiku kucha. Stima ilipotea usiku wa kumalizia hori, nikamalizia kwa kupapasa, na kwa kuwa ilikuwa kadi ya kupapaswa sikuona hasara. Kwenye giza ndipo nilipogundua ukingo wa karara ulikuwa mkali na ungemkata, nikausugua.

Mkesha wa Krismasi niliitia ndani ya kopo la biskuti, nikaizungushia leso isicheze, nikapanda boda kupitia Ganda hadi Kakuyuni.

Hawe alikuwa ameketi chini ya mwembe akipukuchua mahindi. Nilimsalimu, akanijibu kwa jina kabla sijajitaja. Nikamwekea kadi mapajani bila kumweleza ni nini. Akafuta mikono kwenye leso yake, akaifungua, na vidole vyake vikaenda kwanza kwenye maneno, labda kwa sababu ndiyo yaliyokuwa karibu naye. H. A. Alitabasamu kabla ya kufika mwisho wa neno. KRISMASI ilimchukua muda. Kwenye ile S ya mwisho alirudi nyuma, akahesabu herufi kwa midomo, kisha akasema neno lote kwa sauti. Alikuwa hajasoma kitu peke yake tangu macho yalipozima. Alilisoma tena. Alimwita jirani akamsomea.

Kisha akapanda kwenye picha. Nyota aliijua. Hori aliligusa mistari yake, akauliza, "Hii karara ya mnazi gani?" nikamwambia. Kilifu alikishika kwa vidole viwili kwa upole, akajua ni mtoto. Alipofika kwenye paa akasimama. Alipitisha kidole kutoka juu kushuka, akarudia.

"Nani kaezeka hivi?"

Nikasema mimi.

"Kuti la chini limelalia la juu. Mvua ikija inaingia yote ndani. Unaanza chini, unapanda, la juu linamfunika mwenzake. Mtoto huyu atanyeshewa."

Tukalirekebisha hapo hapo. Gundi nilikuwa nayo kwenye mkoba. Alivibandua vijiti kwa ukucha, akanipa kimoja kimoja kwa mpangilio anaoutaka, mimi nikibandika na yeye akikagua kila safu kwa kidole kabla ya kuruhusu nyingine. Alifanya kazi kwa umakini ambao nilikuwa sijauona kwake tangu alipoacha kushona mikeka. Safu ya mwisho aliibandika mwenyewe.

Tulipomaliza aliniambia yuko mwenzake wa jumuiya, wanakaa benchi moja kanisani, naye haoni tena. Anataka na yeye apate yake kabla ya Pasaka. Nikamuuliza niandike nini ndani. Akasema huyo hakupelekwa shule, herufi hazijui; nimfanyie picha tu, yenye kuti lililoezekwa sawasawa, na kaburi lililo wazi, na jiwe liwe jiwe kweli. Nimeshaokota changarawe kando ya Sabaki, upande wa maji matamu. Sasa namtafuta yule mwashi aniambie jinsi ya kulishika jiwe kwenye karatasi.